Kompyuta Imekataa Kuwaka Baada ya Kubadilishiwa Mipangilio? Usikubali Diski Ifutwe Haraka

Saiba nyingi za Kaptembwo, na hata nyumba nyingi zenye mwanafunzi wa chuo, hutegemea kompyuta zilizotumika ng'ambo kabla ya kuuzwa hapa nchini. Ni mashine zinazodumu na bei yake ni nafuu. Humo ndimo mna barua za kuomba kazi, hesabu za chama, kazi za shule na nakala za stakabadhi za wateja.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 bila malipo. Wenye kompyuta wengi sasa wanataka kuhamia Windows 11. Mfumo huo mpya unahitaji mambo matatu ambayo kompyuta za zamani huenda hazina, au zinayo lakini yamezimwa: njia mpya ya kuwasha mashine iitwayo UEFI, ulinzi uitwao Secure Boot, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Hapo ndipo matatizo huanza. Mtu hutazama video, akaingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, akabadilisha kitu kimoja na kuhifadhi. Kompyuta ikiwashwa tena inasema haioni diski. Mwenyewe anashikwa na wasiwasi, hasa ikiwa ni siku chache kabla ya tarehe 30 Juni na wateja wamepanga foleni kuwasilisha ripoti za ushuru. Anaambiwa dawa ni kufomati. Anakubali, na kazi ya miaka inafutika kwa dakika chache.

Makala haya yanaeleza kwa nini hasara hiyo mara nyingi haikuwa lazima. Ikiwa kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabla mipangilio haijaguswa, basi kwa kawaida faili bado zimo ndani. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia.

Nini hutokea kabla Windows haijafunguka

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows si kitu cha kwanza kuamka. Kwenye bodi kuu ya kompyuta kuna programu ndogo inayodumu humo hata diski ikitolewa. Watu wengi huiita BIOS, jina lililotumika tangu enzi za kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Kompyuta za miaka ya karibuni hutumia toleo jipya liitwalo UEFI, ingawa mafundi wengi bado huliita BIOS.

Programu hiyo hukagua kibodi, skrini na diski, kisha hutafuta mahali Windows ilipo na kuikabidhi kazi. Ifananishe na keateka wa ploti mwenye orodha ya milango. Ukimpa orodha isiyo sahihi, atasimama getini akisema hamna mpangaji, ilhali mpangaji na vyombo vyake vyote wamo ndani. Kumfukuza mpangaji na kutupa vyombo hakuwezi kuwa suluhisho la kwanza. Rekebisha orodha.

Mabadiliko manne yanayoleta shida

La kwanza ni kutoka Legacy kwenda UEFI. Maneno haya yameandikwa jinsi yanavyoonekana kwenye skrini. Legacy ni njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, na husoma diski iliyogawanywa kwa mtindo uitwao MBR. UEFI huhitaji mtindo wa GPT. Ikiwa Windows yako iliwekwa kwa njia ya zamani, ukibadilisha mpangilio huu bila kubadilisha mtindo wa diski, kompyuta itasema hakuna diski ya kuwashia.

La pili ni jinsi diski inavyoendeshwa. Kuna sehemu yenye machaguo kama AHCI na RAID. Windows hujiandaa kwa chaguo lililokuwepo siku ilipowekwa. Ukilibadilisha, nembo ya Windows inaweza kuonekana kidogo, kisha skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski yake yenyewe.

La tatu ni Secure Boot na TPM. Secure Boot hukataa kuwasha mfumo ambao hautambui. TPM nayo hutunza funguo za siri. Ikiwa diski imefungwa kwa ulinzi wa BitLocker, kugusa mipangilio hii kunaweza kuleta ukurasa wa buluu unaodai ufunguo wenye tarakimu 48. Kompyuta haijaharibika. Inataka uthibitisho kuwa wewe ndiwe mwenye mali.

La nne ni mpangilio wa foleni. Kompyuta huambiwa ianze kutafuta wapi: diski, flashi au mtandao. Flashi iliyosahauliwa ikiwa imechomekwa inatosha kuizuia isifike kwenye diski.

Tazama dalili kabla ya kugusa kitu

Ikiwa hakuna taa wala feni inayozunguka, tatizo huenda ni umeme, waya au kifaa, wala si mipangilio. Ikiwa diski inagonga-gonga au kukwaruza, zima kompyuta mara moja na usijaribu tena, kwa sababu kila jaribio linaweza kuongeza uharibifu. Lakini ikiwa jina la kampuni iliyounda kompyuta linaonekana, kisha unasoma ujumbe kuwa diski haionekani, au unaombwa ufunguo, na shida ilianza mara tu baada ya kubadilisha mipangilio, fuata hatua zifuatazo kwa utaratibu.

1. Piga picha ya ujumbe ulio kwenye skrini kwa simu yako. Maneno yale yale yatamsaidia fundi.

2. Zima kompyuta. Chomoa flashi, diski za nje na kadi za kumbukumbu. Washa tena. Wakati mwingine shida huishia hapo.

3. Rudi kwenye mipangilio. Mara tu unapowasha, gusa-gusa kitufe kinachohusika. Kwenye Dell mara nyingi ni F2, kwenye HP ni F10, na kwenye Lenovo ni F1 au F2. Mashine nyingine hutumia kitufe cha Delete.

4. Tafuta orodha ya diski. Ikiwa jina la diski yako lipo, hiyo ni habari njema: diski inaonekana, na kazi iliyobaki ni mipangilio. Ikiwa halipo kabisa, waya unaweza kuwa umelegea au diski ina hitilafu. Hapo mpelekee fundi.

5. Rudisha kile ulichobadilisha, kimoja kimoja. Kama ulitoka Legacy, rudi Legacy. Kama ulitoka RAID, rudi RAID. Hifadhi, washa, tazama. Usibadilishe mambo matano kwa pamoja, maana hutajua ni lipi lililoponya na ni lipi lililoharibu.

6. Ukiombwa ufunguo wa tarakimu 48, usibahatishe na usifomati. Tumia simu au kompyuta nyingine kuingia katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta hiyo. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa humo. Kwa kompyuta ya ofisi au shule, muulize msimamizi wa mitambo. Kurudisha mpangilio wa awali kunaweza pia kuondoa dai hilo. Bila ufunguo, hakuna fundi atakayeweza kuzisoma faili hizo, kwa hiyo tafuta kwa makini kabla ya kukata tamaa.

7. Ikiwa skrini ni nyeusi tu na huwezi hata kuona mipangilio, kadi ya zamani ya picha huenda haikubaliani na UEFI. Kwenye kompyuta ya mezani, jaribu kuchomeka skrini kwenye tundu la bodi kuu yenyewe badala ya lile la kadi.

Tahadhari kuhusu mipangilio ya kiwandani

Kuna chaguo la kurudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Wengi hulikimbilia, na mara nyingine husaidia. Lakini kompyuta za mtumba aghalabu huwekewa Windows upya kabla ya kuuzwa, na aliyeiweka anaweza kuwa alitumia mipangilio tofauti na ya kiwandani. Ukirudisha ya kiwandani, unaweza kuizuia Windows iliyokuwa ikifanya kazi. Ndiyo maana ni bora kurudisha ulichobadilisha kwanza.

Jambo hili hueleza pia kisa kinachowashangaza wengi: kompyuta inakataa kuwaka ilhali hakuna aliyegusa chochote. Kwenye bodi kuu kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Kwenye kompyuta nyingi, hasa za zamani, betri hiyo hulinda saa na mipangilio wakati stima haipo. Ikiisha nguvu, stima ikipotea usiku, asubuhi kompyuta huamka ikiwa imesahau kila kitu na kurudia mipangilio ya kiwandani. Dalili yake kubwa ni tarehe kurudi nyuma miaka kadhaa. Tarehe isiyo sahihi huweza pia kufanya tovuti salama, zikiwemo za huduma za serikali, zikatae kufunguka. Kubadilisha betri hiyo kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ndogo, mradi waya wa umeme uchomolewe kwanza. Kwa kipakatalishi, mwachie fundi.

Ukienda kwa fundi

Mafundi wetu wanafanya kazi muhimu, na mteja anayeuliza maswali humsaidia fundi afanye kazi nzuri. Mweleze wazi ni nini kilibadilishwa. Mwambie asifute diski kabla ya kukupa jibu kwa maswali haya: Je, diski inaonekana kwenye mipangilio? Je, faili zinaweza kunakiliwa kwanza kwenye diski nyingine? Je, shida inaweza kuondolewa kwa kurudisha mpangilio wa awali? Ikiwa kufomati ni lazima, iwe ni baada ya faili kuokolewa na wewe mwenyewe kuzifungua na kuziona.

Kwa wenye saiba kuna jambo la ziada. Kompyuta yenye nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja ina data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uitunze. Usiiache mahali popote tu, na futa nakala ambazo kazi yake imekwisha.

Kabla ya kubadilisha chochote

Anayetaka kuhamia Windows 11 anaweza kufanya hivyo kwa usalama akifuata mpangilio huu. Kwanza, nakili faili zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha zifungue kuhakikisha zinasomeka. Pili, pitia mipangilio yote ya sasa na kupiga picha kila ukurasa kwa simu. Tatu, ikiwa BitLocker inatumika, andika ufunguo kwenye karatasi, na usitishe ulinzi huo kwa muda kabla ya kugusa mipangilio. Nne, hakikisha kompyuta yenyewe inakubalika kwa Windows 11, kwani zenye prosesa za zamani hazitakubaliwa rasmi hata ukibadilisha kila kitu.

Ikiwa diski yako ni ya mtindo wa zamani, Windows 10 toleo la 1703 na yaliyofuata huja na programu iitwayo MBR2GPT, inayoweza kubadilisha mtindo wa diski bila kufuta faili. Utaratibu ni muhimu: nakala ya akiba kwanza, kubadilisha diski pili, na UEFI mwisho. Ukigeuza utaratibu huo utajikuta kwenye skrini ile ile isiyoona diski.

Hakuna haja ya kufanya kazi hii kwa pupa. Kwa watumiaji wa nyumbani waliojisajili, Microsoft iliweka mpango wa kuendeleza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Chagua siku isiyo na wateja wengi, stima ikiwa imetulia au kipakatalishi kikiwa na chaji ya kutosha.

Wakazi wanashauriwa kuhifadhi picha za mipangilio ya kompyuta zao mahali tofauti na kompyuta yenyewe, na kuwafahamisha vijana wanaozihudumia kuwa ruhusa ya kufuta diski hutolewa na mwenye kompyuta peke yake.