Kupanga Uzee Mapema: Simu, Kikokotoo na Hesabu za Mwalimu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia ngeli, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuguse jambo ambalo walimu wengi hulizungumza pembeni, tena kwa sauti ya chini: siku tutakapoweka chaki chini, tutakula nini? Tunaliandika kwa sababu mbili. Kwanza, linatuhusu sote, mwalimu aliyebakiza miaka mitano na mwanafunzi ambaye hajapata hata mshahara wa kwanza. Pili, ni somo zuri la Kiswahili, kwani msamiati wake umejaa mambo ambayo mwalimu wa lugha anapaswa kuyajua.

Hoja yetu ni moja. Vyombo vya kupangia akiba vimefika mikononi mwetu, katika simu na katika kompyuta, na kuvitumia ni rahisi. Kigumu ni kujua chombo kinakwambia nini, na kinakuficha nini.

Akiba inayoonekana: mfano wa Gahanga

Tuanze na Gahanga, mahali ambapo wasomaji wetu wa Kigali wanapafahamu. Gahanga ni umurenge wa Wilaya ya Kicukiro, kusini mwa jiji, kwenye barabara kuu iendayo Nyamata. Wengine walilisikia jina hilo mwaka 2017, ulipofunguliwa uwanja wa kimataifa wa kriketi. Mwaka huohuo, mbele zaidi katika barabara hiyo, ujenzi wa uwanja mpya wa ndege ulizinduliwa Bugesera. Mambo ya namna hii huwafanya watu wayatazame mashamba ya pembezoni mwa jiji kwa jicho jipya.

Basi ukimuuliza mwalimu anayeishi upande huo amejipangaje kwa uzee, si ajabu akakujibu kwa kukuonyesha kiwanja, au vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Mwingine atakutajia ng'ombe aliyemwacha kijijini. Mwingine atakutajia ikimina, yaani kile ambacho Watanzania hukiita upatu na Wakenya hukiita chama: watu wanachanga kila wiki au kila mwezi, na fungu linazunguka.

Hatusemi kwamba njia hizi ni mbaya. Zimewalea wengi. Lakini kila moja ina upungufu wake. Kiwanja hakiliki kidogo kidogo. Ukiugua leo huwezi kuuza kona yake ukanunue dawa. Nyumba ya kupangisha huhitaji matengenezo wakati ambao mwenyewe hana nguvu za kusimamia mafundi. Ng'ombe hufa. Ikimina ni nzuri kwa ada ya shule na kwa mtaji mdogo, lakini fedha yake haikai miaka thelathini. Ndiyo maana tunashauri kwamba vitu hivi vikae pamoja na akiba ya muda mrefu, visichukue nafasi yake.

Njia mbili za pensheni nchini Rwanda

Njia ya kwanza ni ya lazima kwa walioajiriwa. Inasimamiwa na RSSB, shirika la hifadhi ya jamii lililoundwa mwaka 2010 kwa kuunganisha Caisse Sociale du Rwanda na RAMA. Hadi mwisho wa mwaka 2024 mchango wa pensheni ulikuwa asilimia 6 ya mshahara: nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kuanzia Januari 2025 ulipanda na kuwa asilimia 12, bado nusu kwa nusu. Ratiba iliyotangazwa wakati huo inaeleza kwamba kuanzia mwaka 2027 utaongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka, mpaka ufike asilimia 20 mwaka 2030.

Sheria ya pensheni ya mwaka 2015 inasema kwamba mwanachama anaweza kustaafu akiwa na miaka 60, na kwamba miaka 65 ndiyo mwisho. Ili alipwe pensheni ya kila mwezi lazima awe amechangia angalau miaka 15. Aliyetimiza miaka 15 hupata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa mwezi, na kila mwaka unaozidi humwongezea asilimia 2. Tuchukue mfano. Mwalimu ambaye wastani wake ni faranga 300,000 na amechangia miaka 25 atahesabiwa asilimia 30 jumlisha asilimia 20, yaani asilimia 50, ambayo ni faranga 150,000 kwa mwezi. Mwenzake mwenye wastani uleule lakini miaka 15 tu atapata 90,000. Yule ambaye hakufikisha miaka 15 hulipwa fungu moja, basi.

Hapa ndipo penye hatari kwa watu wa fani yetu. Wahitimu wengi wa Kiswahili huanza kwa vibarua: kufundisha wageni jioni, kutafsiri nyaraka, kukalimani katika mikutano, kushika vipindi vichache katika shule mbili tatu. Kazi ipo na malipo yapo, lakini mara nyingi hakuna mwajiri anayepeleka mchango. Mtu anaweza kufika umri wa miaka 45 hana hata mwaka mmoja uliohesabiwa, na kutoka 45 hadi 60 ni miaka 15 kamili. Hana nafasi ya kukosa hata mmoja.

Njia ya pili iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao. Sheria Na. 29/2017 ya mwezi Juni 2017 ilianzisha mpango wa akiba ya muda mrefu, na mwezi Desemba 2018 mpango huo ulizinduliwa kwa jina la Ejo Heza, yaani "Kesho Njema". Nao unasimamiwa na RSSB. Ni wa hiari, na uko wazi kwa mkulima, dereva wa pikipiki, mfanyabiashara wa sokoni na mwalimu wa kibarua. Hata aliye na ajira na pensheni ya lazima anaweza kujiunga. Kujisajili hufanyika kwa simu ya kawaida: unabonyeza *506#, unafuata maelekezo na kuingiza namba ya kitambulisho. Kuweka fedha hufanyika kwa simu pia, kwa kiasi na kwa wakati unaoumudu. Mwenye akiba huanza kupata malipo ya uzeeni akiwa na miaka 55.

Walimu wa shule za msingi na sekondari wana pia Umwalimu SACCO, iliyoanzishwa mwaka 2006. Hiyo ni nzuri kwa kuweka na kukopa, lakini tusiichanganye na pensheni. Mkopo wa kujengea nyumba na malipo ya uzeeni ni vitu viwili tofauti.

Kikokotoo kinasema nini?

Ukifungua mtandao utakuta vikokotoo vingi vya kustaafu. Unaandika umri wako, kiasi unachoweka na kiwango cha faida, nacho kinakutolea jumla yenye tarakimu nyingi za kupendeza. Kabla ya kuifurahia, tazama kimetengenezewa nani. Vingi vimetengenezewa Marekani au Uingereza, vikiwa na sheria za kodi na viwango vya kule. Heri utengeneze chako mwenyewe katika programu ya jedwali. Kanuni ni fupi: chukua salio la mwaka uliopita, zidisha kwa 1.08, kisha jumlisha ulichoweka mwaka huu.

Tumetumia faida ya asilimia 8 kwa mwaka kwa ajili ya mfano tu, hakuna aliyeiahidi. Tuseme mwalimu anaweka faranga 10,000 kila mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka, na tunazihesabu mwishoni mwa mwaka. Baada ya miaka 10 ameweka 1,200,000 na salio lake ni kama 1,738,000. Baada ya miaka 20 ameweka 2,400,000 na salio ni kama 5,491,000. Baada ya miaka 30 ameweka 3,600,000 na salio ni kama 13,594,000.

Tazameni vizuri. Miaka kumi ya mwisho imeongeza zaidi ya milioni 8, ilhali mchango haukubadilika. Faida nayo imezaa faida. Hii ndiyo sababu kijana mwenye elfu kumi ana nguvu kuliko mtu mzima mwenye elfu thelathini. Aliyeanza miaka 10 tu kabla ya kustaafu, hata akiweka mara tatu, yaani 30,000 kwa mwezi, atafikisha kama milioni 5.2.

Lakini subirini. Kuna kitu ambacho kikokotoo hakikuuliza: bei za vitu. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Baada ya miaka 30, kitu kinachouzwa leo faranga 1,000 kitauzwa zaidi ya faranga 4,300. Zile milioni 13.6 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 3.1 hivi. Mwalimu alidhani amekuwa tajiri, kumbe mfumuko wa bei umekula pamoja naye sahani moja.

Dawa yake ni nini? Usiuache mchango usimame. Mwalimu yuleyule akianza na 10,000 kwa mwezi kisha akaongeza kwa asilimia 5 kila mwaka (mwaka wa pili 10,500, wa tatu 11,025, na kuendelea), baada ya miaka 30 atakuwa na kama 22,963,000, zenye uwezo wa kununua wa milioni 5.3 za leo. Nyongeza hiyo haimuumizi sana, kwa kuwa kwa kawaida mshahara nao hupanda. Kila mshahara unapoongezeka, akiba iongezeke siku ileile, kabla mkono haujazoea.

Maneno na majirani

Elimu ya fedha ni elimu ya maneno pia. Neno kustaafu limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya kuomba kuachiliwa kazi. Kiinua mgongo ni fungu linalotolewa mara moja kwa anayeondoka kazini, kana kwamba ni kumsaidia mtu aliyeinama miaka mingi asimame wima. Pensheni ni malipo ya kila mwezi. Mafao ni jina la jumla la stahiki zote.

Nchini Tanzania neno kikokotoo limepata maana mpya mbele ya macho yetu. Zamani lilikuwa jina la mashine ya kufanyia hesabu. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya hifadhi ya jamii kuunganishwa, kilitangazwa kikokotoo cha kumpa mstaafu asilimia 25 ya mafao kwa mkupuo na zinazobaki kama pensheni ya mwezi. Wafanyakazi walilalamika, na Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee. Julai 2022 mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 ulipandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo awali, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Siku hizi ukisema kikokotoo, Mtanzania hafikirii mashine, anafikiria kanuni. Na kanuni hiyo ina pande mbili: mkupuo ukiwa mkubwa, malipo ya kila mwezi hupungua.

Kenya nayo ilichukua lugha ya mtaani. Mpango wa Mbao, ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya mafundi wa jua kali, ulipewa jina la shilingi 20 katika lugha ya vijana, kwa kuwa mchango wake ulikuwa shilingi 20 kwa siku, zikitumwa kwa simu. Mwaka 2019 NSSF ya Kenya ikaja na Haba Haba, jina ambalo kila mwanafunzi wetu anaweza kulimalizia kwa methali.

La kufanya darasani na nyumbani

Kwa walimu, tunapendekeza vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wajenge jedwali tulilolieleza, kisha kila mmoja aandike aya moja ya kufafanua matokeo yake kwa mtu asiyejua hesabu. Katika kipindi cha pili wayaweke maelezo ya Ejo Heza ya Kinyarwanda katika Kiswahili. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini mwaka 2017, nyaraka za namna hii zinahitaji watafsiri wanaoelewa wanachokitafsiri.

Nyumbani, mambo manne yatoshe. Hakikisha mwajiri anapeleka michango, na ukague kumbukumbu zako RSSB ukiwa bado kazini; kosa la mwaka jana husahihishwa kwa urahisi kuliko kosa la miaka ishirini iliyopita. Kama huna mwajiri, jisajili mwenyewe. Andika kiasi, umri na ongezeko la kila mwaka katika karatasi moja, na mwenzi wako aione. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa simu kwamba ni mtumishi wa mfuko. Anayeahidi kukuzalishia mara mbili kwa mwezi mmoja anahitaji fedha yako kuliko unavyohitaji faida yake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Leo tungeongeza kwamba akiba iliyosimama huliwa na bei, na akiba iliyocheleweshwa hukosa wakati wa kuzaa. Wanafunzi wetu, ninyi ndio mlio na kitu ambacho hakuna kikokotoo kinachoweza kumrudishia mwalimu wenu, nacho ni miaka. Anzeni na kidogo mlicho nacho.