Kuchagua Miti ya Matunda kwa Ua wa Tabora

Anayechagua mti wa matunda Tabora huanza kwa kuhesabu maji ya kiangazi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo katika mwaka wa kawaida hukaribia milimita 900, hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, na joto hupanda hadi kufikia kilele chake Oktoba, wakati ardhi imekauka kabisa. Mche uliopandwa Desemba hupata miezi minne au mitano ya kushusha mizizi, kisha maisha yake hutegemea ndoo. Katika udongo wa kichanga, mche mchanga huhitaji takribani lita 20 mara mbili kwa wiki. Miche kumi hudai lita 400 kila wiki, na kwa wiki 26 za kiangazi jumla huzidi lita 10,000. Kabla ya kuuliza ni tunda lipi tamu, mwenye nyumba hujiuliza ni miti mingapi ataweza kuivusha hadi mvua irudi.

Swali la pili ni la kalenda. Maembe ya Tabora huiva kwa pamoja kati ya Novemba na Januari, na katika miezi hiyo mengi huoza chini ya miti kwa kukosa mlaji. Familia yenye miembe mitano ya aina moja hushiba miezi mitatu na kununua matunda miezi tisa. Ua wenye miti mitano ya aina tano hupata chakula karibu mwaka mzima. Kuchagua vizuri ni kuyapatia majibu maswali haya mawili kwa pamoja: maji yatatoka wapi, na kila mti utazaa lini.

Urithi wa njia ya misafara

Miti mingi inayodhaniwa kuwa ya asili Tabora ililetwa kwa miguu. Katikati ya karne ya 19, Kazeh, yaani Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 na kuwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wakiishi katika nyumba za tembe. Kwihara, nje kidogo ya mji, ndiko wavumbuzi wengine, Livingstone na Stanley, walikokaa pamoja mwaka 1872, na tembe ya huko sasa ni makumbusho.

Wafanyabiashara na wapagazi walikuja na ladha za pwani. Mwembe, ambao asili yake ni Asia ya Kusini, ulikuwa umezoeleka pwani kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Kokwa zake zilisafiri na misafara na kuota kandokando ya njia na kwenye vituo, kiasi kwamba safu za miembe mikubwa ni miongoni mwa alama za njia hiyo hadi leo. Mitende nayo ilipandwa na Waarabu waliotaka kuwa karibu na tunda la kwao.

Miti hiyo miwili inamfundisha mpandaji wa leo. Mwembe ulistawi kwa sababu mwenendo wa hali ya hewa ya Tabora unaendana na mahitaji yake: baridi ya Juni na Julai pamoja na ukavu huuchochea kutoa maua, na mvua huja wakati matunda yanakua. Mtende huishi, lakini tende bora huhitaji joto kavu wakati wa kuiva, na mvua ikiziwahi huziharibu. Zaidi ya hayo, mitende ina miti dume na miti jike, kwa hiyo mtende mmoja peke yake hauwezi kutegemewa kuzaa. Mti kuweza kuishi mahali ni jambo moja, na kuzaa vizuri mahali hapo ni jingine.

Mwembe uliobebeshwa

Kwa ua wa kawaida, mwembe mmoja unatosha, na mche uliobebeshwa una faida kubwa kuliko uliotokana na kokwa. Kubebesha ni kuchukua kikonyo cha mti unaojulikana kwa matunda mazuri na kukiunganisha kwenye mche mchanga wenye mizizi imara. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, ilhali ule wa kokwa huweza kuchukua miaka sita na zaidi. Kimo chake pia ni rahisi kukidhibiti kwa kupogoa, na tunda lake hufanana na la mti mama.

Dodo linapendwa na wengi kwa ukubwa na utamu wake. Aina kama Apple, Kent, Tommy Atkins na Keitt huuzwa katika vitalu vya miche iliyobebeshwa. Penye nafasi ya miembe miwili, ni busara kuchanganya aina inayowahi na inayochelewa: Keitt huiva baada ya Tommy Atkins, na msimu wa familia hurefuka.

Adui mkubwa wa embe ni inzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuonekana Tanzania mwaka huohuo. Jike hutaga mayai ndani ya tunda linalokaribia kuiva, na funza wake huliozesha kutoka ndani. Njia ya kwanza ya kumpunguza haina gharama: kuokota kila siku matunda yaliyoanguka, kisha kuyafukia kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita, au kuyafunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani. Magonjwa mawili ya ukungu, chule na ubwiriunga, hushambulia maua. Kupogoa matawi ya katikati ili upepo na jua vipenye hupunguza yote mawili.

Miti midogo ya karibu na jiko

Mpapai huzaa haraka kuliko mti mwingine wowote wa ua. Matunda ya kwanza huweza kupatikana ndani ya mwaka mmoja, na mti hutoa mavuno mazuri kwa miaka mitatu hivi kabla ya kuhitaji kubadilishwa. Kwa kuwa mbegu haioneshi jinsia yake, huoteshwa miche mitatu katika kila shimo, na maua yakitoka madume ya ziada hung'olewa. Mpapai ukipata maji hutoa matunda karibu mwaka mzima. Maji yakituama kwenye mizizi kwa siku chache mti hufa, kwa hiyo huwekwa mahali palipoinuka.

Mpera ni mti wa mwenye maji machache. Huvumilia ukavu na udongo duni, huzaa katika mwaka wa pili au wa tatu, na pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mavuno makubwa huja kuelekea mwisho wa mvua, maembe yakiwa yamekwisha. Mtopetope una tabia inayofaa Tabora: hupukutisha majani wakati wa kiangazi na hivyo kupunguza kiu yake. Mkomamanga, kichaka kigumu kinachoweza kutunzwa hata kwenye ua mwembamba, huvumilia joto. Matunda yake hupasuka iwapo mti utaachwa ukauke kabisa kisha upewe maji mengi kwa ghafla.

Mndimu na mchungwa hudai maji zaidi. Mchungwa hununuliwa ukiwa umebebeshwa, mara nyingi juu ya shina la limau kali ambalo mizizi yake hustahimili udongo wa kichanga. Hupandwa karibu na bafu au mahali pa kuoshea vyombo, ili maji yaliyokwisha kutumika yaupate bila kubebwa mbali. Viwavi wanaokula majani machanga huokotwa kwa mkono. Machungwa hupatikana zaidi katikati ya mwaka, wakati ambapo matunda mengine ya ua ni machache.

Mparachichi unawezekana kwa masharti. Mashamba makubwa ya parachichi za Hass yako katika nyanda za juu kama Njombe na Rungwe, ambako kuna baridi na unyevu. Tabora mti huu hupona pale tu penye maji ya uhakika kiangazi chote na udongo usiotuamisha maji wakati wa masika, kwa sababu mizizi yake ni ya juujuu na huoza upesi.

Matunda ya miombo

Mti wa kwanza wa kuchagua huenda tayari umesimama kwenye kiwanja. Miombo inayouzunguka mji ina matunda ambayo Wanyamwezi wameyala tangu zamani: matonga yenye ganda gumu, mbula zenye unga mtamu, ukwaju na ng'ongo. Miti hii haikuhitaji msafara wala ndoo. Hata hivyo imekuwa ikipungua, kwa sababu miombo hukatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, zao kuu la biashara la mkoa.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje ya mji wa Tabora, pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, ICRAF, vilifanya kazi ya kuyaingiza matunda haya mashambani na kwenye nyua, yakiwemo matonga. Vikundi vya wanawake vilifundishwa kuyasindika kuwa juisi, jamu na mvinyo. Kwa mwenye nyumba hatua ya kwanza ni nyepesi: anaposafisha kiwanja cha kujenga, autambue mtonga au mbula kabla ya kushika shoka, na auache ikiwa hauzuii msingi.

Mwenye kupanda upya azingatie mambo machache. Miti mingi ya porini iliyooteshwa kwa mbegu huchelewa sana kuzaa. Mng'ongo una dume na jike, kwa hiyo mti mmoja unaweza kutoa kivuli bila tunda. Mbegu za tonga hazitafunwi, huliwa nyama inayozizunguka tu. Mkwaju hukua polepole na kuwa mti mkubwa, lakini ukishashika hauhitaji matunzo, na matunda yake huiva katikati ya kiangazi.

Korosho na kokwa nyingine

Katika miti inayotoa kokwa za kuliwa, mkorosho ndio unaoifaa Tabora zaidi. Asili yake ni Brazil, nao uliletwa Afrika Mashariki na Wareno. Ngome yake nchini ni Mtwara na Lindi, na utafiti wake huongozwa na kituo cha Naliendele, Mtwara, lakini kilimo chake kimeenezwa hadi mikoa ya kati na magharibi. Hupenda udongo wa kichanga wenye kina na kiangazi kirefu kisichogusa maua kwa mvua. Ubwiriunga hudhibitiwa kwa salfa.

Mkorosho hutanuka sana na huhitaji mita 12 kutoka mti hadi mti, hivyo unafaa kiwanja kikubwa au mwisho wa shamba la nyumbani. Bibo, sehemu laini ya tunda, huliwa siku linapochumwa au hukamuliwa juisi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi na moshi wake huwasha macho, kwa hiyo korosho hubanguliwa nje, mbali na watoto.

Mkungu hutoa kivuli kizuri chenye matawi ya ghorofa na kokwa ndogo tamu, ingawa kuipasua ni kazi kubwa kwa mavuno kidogo. Makadamia, inayolimwa kwa wingi katika nyanda za kati za Kenya, huhitaji ubaridi na unyevu wa milimani, na Tabora haifai kugharimiwa.

Kupanga ua na kupanda

Nafasi hupimwa kwa ukubwa wa mti uliokomaa. Mwembe uliobebeshwa huhitaji mita 8 hadi 10, mchungwa na mpera mita 5 au 6, mpapai mita 2 hadi 2.5. Miti mikubwa kama mkwaju na mzambarau huwekwa mbali na msingi wa nyumba, mabomba na shimo la choo. Sehemu za mbuga, zenye udongo mfinyanzi unaotuamisha maji, haziifai karibu miti yote iliyotajwa.

Mashimo huchimbwa kiangazi, sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu hutengwa, huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza, kisha hurudishwa. Mche hupandwa mvua zikishakolea, na sehemu iliyobebeshwa hubaki juu ya udongo. Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu, lakini Tabora yana hatari ya kuvuta mchwa. Huachwa umbali wa kiganja kutoka kwenye shina na hukaguliwa kila wiki.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, mchanganyiko unaowezekana ni mwembe mmoja, mchungwa au mndimu mmoja, mpera mmoja, mkomamanga mmoja, mipapai miwili karibu na jiko, na mti mmoja wa miombo mpakani. Mapera huja baada ya maembe, machungwa hufuata, na mapapai huziba mapengo. Jumla ni miche saba, yaani lita 280 kwa wiki za kiangazi cha kwanza, kiasi ambacho maji ya kuogea na kufulia yasiyo na sabuni nyingi yanaweza kukipunguza. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafikishwe Tabora, kaya zilizounganishwa zina unafuu, ingawa bili nayo huingia katika hesabu.

Ndoo hupungua mwaka hadi mwaka. Baada ya kiangazi cha tatu, mwembe, mpera na mti wa miombo huwa imeshusha mizizi ya kutosha kujitegemea, na maji ya nyumbani hubaki kwa ajili ya mchungwa na mipapai.