Goti Linauma: Vidonge vya Sokoni au Safari ya Masisi?

Kwa mtu wa Ntoto, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, gharama ya mguu mgonjwa huanzia njiani. Ukienda Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi, au ile ya Walikale, utalipia moto (pikipiki), chakula cha anayekuuguza, na siku ambazo shamba litabaki bila mtu. Asiyeweza kukaa kwenye moto hubebwa kwa kipoyi (machela), na wabebaji nao lazima wale. Ndiyo maana vidonge vya sokoni hushinda: unanunua viwili vitatu, unalala.

Kwa maumivu ya kupanda mlima na mzigo wa mihogo mgongoni, sina ugomvi na uamuzi huo. Pumzika, punguza mzigo, meza parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki ina nguvu zaidi, lakini ikimezwa siku nyingi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo; mjamzito aiache. Sindano ya takoni siipendi kabisa: ikichomwa vibaya hujeruhi mshipa wa fahamu, ukabaki unachechemea kwa pesa yako mwenyewe. Halafu kuna deksametazoni, inayomfanya mzee atembee kama kijana kesho yake. Huzima uvimbe tu. Kama ndani mna usaha, usaha unaendelea na kazi.

Hapo ndipo urahisi unapokuwa ghali. Goti moja likivimba ghafla, likawa la moto, na homa juu yake, usingoje: vijidudu huweza kuharibu kiungo ndani ya siku chache. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, vilevile. Mama aliyejifungua karibuni akivimba mguu mmoja, msimkande. Huenda ni damu iliyoganda, na ikipanda mapafuni huua.

Muunga mifupa? Wengine wana mkono mzuri kwa mguu ulioteguka. Ila mguu uliopinda, au usiopiga hata hatua nne baada ya kuanguka, unataka picha ya mfupa. Muunga akiufunga na vidole vikawa baridi au kufa ganzi, fungua kamba saa ileile, kisha hospitali.

Pitia kwanza kituo cha afya, wakupime na wakupe barua ya rufaa. Uliza pia ni huduma zipi zinalipiwa Masisi, ambako shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilianza kusaidia hospitali mwaka 2007, na kama mashine ya picha inafanya kazi wiki hiyo. Moto ukodi baadaye.