Sampuli milioni 158 kwenye kioo kimoja

Ingiza mahojiano ya saa nzima kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kisha yatazame yote kwa pamoja. Sauti yenye ubora wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ina vipimo, yaani sampuli, 158,760,000. Kioo cha kompyuta ya kawaida kina safu wima 1,920 za pikseli. Kila safu inabebeshwa sampuli zaidi ya 82,000, na bado mchoro wa sauti unajitokeza kufumba na kufumbua.

Programu iliyoandikwa kwa pupa huunganisha sampuli na sampuli hadi mwisho, ingawa maelfu ya mistari yanalaliana kwenye safu ileile. Kompyuta inakwama kwa kazi ambayo jicho halitaiona kamwe.

Wengi wakikwama hapo hukimbilia kurukaruka: sampuli moja inachukuliwa, 82,000 zinaachwa. Nawasihi wanaoandika programu wasifanye hivyo. Safu moja hapa ni karibu sekunde mbili. Mtu akigonga maikrofoni, kishindo chake hakifiki hata nusu sekunde. Huenda kikaangukia kwenye zilizorukwa, na mhariri akakipeleka hewani bila kukiona. Kuchora wastani wa kila safu ni balaa zaidi. Wimbi la sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, hivyo ukilijumlisha linajifuta. Unabaki na mstari mnyoofu, kana kwamba hakuna aliyefungua mdomo.

Njia ya kuaminika ni kutafuta thamani ya juu kabisa na ya chini kabisa katika kila safu, kisha kuchora mstari wima kati yake. Kishindo hakina pa kujificha. Kwa grafu za mistari, mwaka 2014 Uwe Jugel na wenzake walionyesha kwamba ukihifadhi pia thamani ya kwanza na ya mwisho ya kila safu, mchoro hulingana na ule wa data nzima, pikseli kwa pikseli.

Lakini kuzipitia sampuli milioni 158 kila unaposogeza mchoro nako kunachosha mashine. Audacity hupiga hesabu hiyo mapema, wakati sauti inaingizwa: hufupisha kila sampuli 256, na tena kila sampuli 65,536. Ukitazama saa nzima, inasoma muhtasari wa takriban vipande 2,400 tu. Ukikuza dakika moja, inashuka ngazi ya 256. Ukifika sekunde kumi, inazisoma sampuli zenyewe. Ramani za kwenye simu hufuata mtindo huohuo: vipande vya ramani vya kila ngazi ya ukuzaji huandaliwa, na unaletewa vile tu unavyovitazama.

Data ya nukta, isiyo wimbi, ina dawa yake. Orodha ya chombo cha anga cha Gaia iliyotolewa 2022 ina nyota takriban bilioni 1.8, na kioo kizima kina pikseli milioni mbili. Hapo huchori nyota. Unahesabu ngapi zimeangukia kila pikseli, kisha unaipaka rangi kulingana na idadi.

Tukirudi kwenye sauti, thamani za juu na za chini kabisa nazo zina kasoro: kishindo kimoja hufanya safu nzima ionekane ya makelele. Ndiyo maana muhtasari wa Audacity hubeba namba ya tatu, kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya sampuli, inayoonyesha nguvu ya sauti kwa jumla. Huchorwa kama utepe wa rangi iliyofifia ndani ya ule uliokolea. Utepe wa ndani ukiwa mwembamba huku wa nje umechomoza kama mwiba, mhariri anajua pa kukuza.