Mhusika, Tabia au Herufi? Neno "Character" na Mtahiniwa wa Fasihi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha Karatasi ya Tatu ukakutana na sentensi kama hii: "Tabia mkuu katika tamthilia hii ni Majoka." Mimi nimekutana nayo mara si haba. Mwanzoni nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "tabia" nikaendelea na kazi. Baadaye niling'amua kuwa kosa hili halitokani na uvivu. Mwanafunzi husoma fasihi ya Kiingereza asubuhi na ya Kiswahili alasiri, na neno moja la Kiingereza, "character", humfuata hadi kwenye jibu lake. Makala haya yanakusudia kulichambua neno hilo na kuonyesha namna ya kumwokoa mtahiniwa.

Asili ya neno

Neno hili lina asili ya Kigiriki. Lilimaanisha chombo cha kuchorea au kupigia chapa, na pia chapa yenyewe, kama ile iliyo kwenye sarafu. Lilipitia Kilatini na Kifaransa hadi likafika Kiingereza. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika maelezo mafupi 30 ya aina za watu, wakiwemo msifu-watu, mpayukaji na bahili. Kitabu chake hujulikana kwa wingi wa neno hilohilo, kana kwamba tabia ni chapa iliyopigwa nafsini.

Matumizi yake katika Kiingereza

(a) Herufi au alama yoyote ya maandishi. Ujumbe mfupi wa simu, kwa mfano, huwa na nafasi ya alama 160 za namna hii.

(b) Tabia au hulka ya mtu. Aidha, mtu akisemwa kuwa ana "character", bila kivumishi chochote, huwa anasifiwa kwa uadilifu na msimamo.

(c) Sura bainifu ya mahali au kitu, kama vile mji mkongwe wenye haiba yake.

(d) Barua ya mwajiri. Zamani huko Uingereza, mtumishi wa nyumbani aliyeacha kazi alihitaji barua ya kumshuhudia mwenendo, nayo iliitwa "character". Bila barua hiyo, kupata kazi nyingine kulikuwa na matatizo makubwa.

(e) Mtu wa vituko, ambaye akiingia barazani watu huanza kucheka hata kabla hajasema.

(f) Kiumbe anayetenda au kutendwa katika kazi ya fasihi, yaani mhusika.

Kiswahili kinasemaje?

Maana hizi zote, Kiswahili huzigawia maneno tofauti. La ajabu ni kwamba neno letu "tabia", lenye asili ya Kiarabu, latokana na mzizi wenye maana ya kupiga chapa. Mzizi huohuo ndio uliotupa "matbaa", yaani kiwanda cha kupigia chapa vitabu. Kwa hivyo "tabia" na "character" ni maneno yaliyozaliwa na wazo moja, ingawa lugha ni mbalimbali.

"Mhusika" ni neno la njia nyingine kabisa. Linatokana na kitenzi "kuhusika". Halitazami chapa aliyo nayo mtu, bali linauliza: anahusikaje na yanayotendeka? Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Wakiulizwa umuhimu wa mhusika, wao huorodhesha tabia zake.

Chukua mfano wa Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyotahiniwa katika KCSE hadi mwaka 2022. Sudi na Boza wote ni wachongaji. Sudi anakataa kuchonga kinyago cha shujaa anayetakiwa na utawala wa Majoka, Boza anakubali. Swali likiwa "Eleza sifa za Boza", mtahiniwa atataja ukibaraka na ubinafsi, kisha atoe ithibati. Swali likiwa "Eleza umuhimu wa Boza", orodha hiyo pekee haifai kitu. Atapaswa kueleza kuwa Boza anakuza ploti kwa kukinzana na Sudi, anaudhihirisha msimamo wa Sudi, na anawakilisha wananchi wanaoendeleza uongozi mbaya kwa kuutii.

Darasani

Gawa ubao katika safu tatu. Juu ya kila safu andika swali moja: Ni nani? Yukoje? Ana kazi gani katika utungo? Majibu yake ni mhusika, sifa na umuhimu, kwa mfuatano huo. Wape wanafunzi mhusika mmoja wajaze safu zote. Kisha waambie waziwazi kwamba katika somo la Kiingereza, neno moja linaweza kubeba safu ya kwanza na ya pili pamoja. Usilifiche neno hilo. Mwanafunzi analijua tayari, na atalitafsiri kimyakimya hata ukilipiga marufuku.

Hitimisho

Ni bayana kuwa kosa la "tabia mkuu" si la ujinga. Ni la mwanafunzi anayefikiri kwa lugha mbili bila ya kuonyeshwa zinapoachana. Kumwonyesha ni wajibu wetu, na ni heri ajue hayo Kidato cha Pili kuliko kuyagundua baada ya matokeo kutangazwa.