Farasi Kumi wa Kiekhaefer

Mwaka 1947 kampuni ya Carl Kiekhaefer, iliyoanzia mji mdogo wa Cedarburg katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ilileta sokoni injini ya kufunga nyuma ya boti iliyoitwa Mercury Lightning. Ilikuwa na silinda mbili, na kampuni iliitangaza kuwa ina nguvu ya farasi 10. Walioifunga kwenye boti nyepesi waliona mara moja kwamba hesabu haikai sawa, kwa sababu ilikimbia kuliko farasi 10 wanavyoweza kukimbiza boti. Ikafuata Super 10, na toleo lake la mashindano likapewa herufi H. Mwaka 1953 ikaja Mark 20, yenye ujazo uleule wa inchi za ujazo 19.8, yaani takriban cc 325, nayo ikatangazwa kuwa na farasi 16. Silinda hazikuwa zimekua hata kidogo.

Watu wanaofufua injini hizi leo, wanaozitafuta kwenye maghala na kuzing'arisha hadi zikapendeza, huulizwa kwanza swali moja: hii ina farasi wangapi? Ni swali la haki, lakini limekatika katikati. Nguvu ya farasi haikai ndani ya chuma kama uzito ukaao ndani ya jiwe. Hutokea injini inapozunguka kwa kasi fulani, ikinywa mafuta fulani, na hubadilika kulingana na mahali kipimo kilipowekwa. Ukitaja namba bila hayo, umetaja nusu ya jambo.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kipimo hiki tumekirithi kwa James Watt, aliyekubali kuwa farasi mmoja ni kazi ya kuinua pauni 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika moja, sawa na takriban wati 746. Kwenye injini ya mipigo miwili kama hizi, ambayo kila silinda hulipuka mara moja katika kila mzunguko, mambo matatu huzidishwa pamoja: ujazo wa silinda, shinikizo la wastani linaloisukuma pistoni, na idadi ya mizunguko kwa dakika.

Chukua injini ya cc 328, ambao ndio ujazo wa inchi 20 zilizoruhusiwa katika daraja B la mashindano ya Marekani. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika na shinikizo la wastani likawa bar 3.4, inatoa farasi 10 kamili. Usiguse kitu kingine, iache tu ifike mizunguko 6,000 huku shinikizo likibaki lilelile, na tayari una farasi 15. Sasa fundi akifungua njia za hewa, akaweka kabureta kubwa na kuondoa ekzosi inayoikaba injini, shinikizo likapanda hadi bar 4.5 kwenye mizunguko ileile 6,000, unakaribia farasi 20. Ukizipima silinda za injini hiyohiyo, utapata ujazo uleule wa mwanzo. Kwa hiyo mtu aliyesema 10 na mtu aliyesema 20 wanaweza wote wawili kuwa wamesema kweli.

Naamini hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Kiwanda huchagua mahali pa kusimama kwenye mkondo wa nguvu wa injini yake. Mwenye injini ya kuvulia samaki hapendi kuizungusha hadi mwisho kutwa nzima, hivyo kutangaza nguvu ya kwenye mizunguko 4,000 ni jambo la busara. Mwenda mashindano anaitaka injini ileile mahali pengine kabisa, kule juu ambako mtu wa kawaida hafiki. Namba ya kwenye tangazo ilimhusu yule wa kwanza.

Washindani wenyewe hawakuihitaji sana namba hiyo. Chama cha American Power Boat Association kiligawa madaraja kwa ujazo wa silinda: daraja B inchi 20, daraja C inchi 30, daraja F inchi 60. Nguvu haikuandikwa kwenye kanuni, kwa hiyo kila farasi aliyepatikana ndani ya ujazo ulioruhusiwa alikuwa halali. Hata majina yalifuata utaratibu huo. Elto 4-60, injini kubwa ya mashindano ya miaka ya 1930, ilipata jina kutokana na silinda nne na inchi 60. Wengi leo huisoma hiyo 60 kama farasi, na kwa bahati hawako mbali, kwa sababu ikinyweshwa methanoli hutajwa kutoa kati ya farasi 50 na 60. Ukikumbuka kwamba injini ya kwanza ambayo Ole Evinrude aliiuza mwaka 1909 ilikuwa na farasi mmoja na nusu, na kwamba Elto ni kampuni aliyoianzisha yeye mwenyewe baadaye, safari hiyo ya miaka michache inastahili heshima kubwa.

Je, wapinzani wa Kiekhaefer wangejuaje kwamba zile 10 si 10? Njia ya uhakika ni breki ya kupimia, mtambo unaoizuia shafti isizunguke kwa uhuru na kupima nguvu inayohitajika kuizuia. Mtambo huo ulikuwa viwandani. Karakana nyingi zilikuwa na njia nyingine, nyepesi na yenye akili, nayo ni propela ya majaribio. Hii ni propela pana, fupi, isiyofaa kusukuma boti, iliyotengenezwa kwa kazi ya kuipa injini mzigo ndani ya tangi la maji. Kiwanda husema: injini nzima ya aina hii, ikifungwa propela hii, lazima ifike idadi fulani ya mizunguko kwa dakika. Ikishindwa kufika, ina ugonjwa.

Uzuri wa njia hii uko kwenye tabia ya maji. Nguvu inayohitajika kuzungusha propela hupanda kwa mchemraba wa kasi. Ongeza mizunguko mara moja na robo, nguvu itakayotakiwa ni karibu mara mbili. Basi tuseme kuna propela ambayo injini ya farasi 10 wa kweli inaizungusha mara 4,000 kwa dakika, isiweze zaidi. Ukaifunga kwenye injini nyingine, nayo imeandikwa 10, ikaizungusha mara 5,000. Mtazamaji asiyejua atasema imezidi robo tu. Anayejua mchemraba atasema hapa kuna farasi wanaokaribia 20. Tangazo halina nafasi mbele ya kipimo hicho, na ndiyo sababu mafundi wazee waliamini tangi kuliko karatasi.

Kasi ya boti nayo hutoa ushahidi, ingawa wa upande mmoja. Propela yenye hatua ya inchi 10 ingesonga sentimita 25.4 kwa kila mzunguko kama maji yangekuwa magumu. Hayako hivyo, kwa hiyo hupotea sehemu, tuseme asilimia 12. Gia ya chini ya Quicksilver, ambayo kampuni ya Kiekhaefer iliitengeneza kwa ajili ya mashindano, ilizungusha propela moja kwa moja na shafti ya injini, mzunguko kwa mzunguko. Boti ikipita kwa kilomita 80 kwa saa na propela hiyo, injini inakaribia mizunguko 6,000. Umepata kasi ya injini ukiwa umesimama ufukweni na saa mkononi. Nguvu hujaipata bado, maana hujui boti inaburuta maji kiasi gani. Boti ya hydroplane, inayogusa maji kwa sehemu tatu ndogo tu, huenda kasi ambayo boti pana ya familia haiwezi kuifikia kwa nguvu ileile. Dereva wa mbio Hubert Entrop alipovuka kilomita 173 kwa saa mwaka 1958 kwa Mercury ya silinda sita, sehemu kubwa ya sifa ilikuwa ya umbo la boti na ya propela iliyofanya kazi nusu nje ya maji.

Kisha kuna suala la mafuta. Methanoli ilitawala madaraja ya wenye injini zilizobuniwa kwa ajili ya mbio tu, na harufu yake ikichanganyika na mafuta ya mbarika ndiyo wazee wa mchezo huo wanayoikumbuka kuliko kitu chochote. Kilo moja ya methanoli ina nishati chini ya nusu ya ile ya petroli. Kinachoifanya itoe nguvu zaidi ni kwamba hewa ileile inayoingia kwenye silinda inaweza kuunguza methanoli nyingi zaidi, kiasi cha mara mbili na zaidi kwa uzito, na inapogeuka mvuke huipoza hewa sana hivyo hewa zaidi huingia. Pia huvumilia mgandamizo mkubwa bila kulipuka kabla ya wakati. Anayelinganisha injini ya petroli na ya methanoli kwa namba moja ya farasi, bila kutaja mafuta yaliyotumika, anazionea zote mbili.

Jambo jingine ni mahali pa kupimia, na hili linawagusa hata wavuvi wa Ziwa Victoria na wa Kilwa wanaonunua mashine zilizotumika. Zamani kipimo kilichukuliwa kwenye shafti ya injini, kabla ya gia kula sehemu yake. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vilihamia kupima kwenye shafti ya propela, nguvu inayofika majini. Ndiyo maana mashine ya zamani na mpya zenye namba moja zinaweza kutofautiana kazini.

Baada ya miaka ya 1960 hadithi ikahamia Ulaya. König wa Berlin alitengeneza injini ya boti ya silinda nne ya cc 494 yenye mtiririko bora wa gesi ndani ya silinda na ekzosi zilizopimwa urefu ili mawimbi ya gesi yarudishe mchanganyiko mbichi ndani. Injini hiyo ilifungwa kwenye pikipiki, na mwendeshaji wake Kim Newcombe akawa wa pili duniani katika daraja la cc 500 mwaka 1973. Injini hiyo hutajwa kutoa karibu farasi 80, kutoka ujazo ambao ni nusu ya ule wa Elto 4-60. Lakini ekzosi ya aina hiyo hufanya kazi vizuri katika upeo mwembamba tu wa mizunguko. Boti ikiingia kona na mizunguko ikashuka chini ya upeo huo, wale farasi 80 hawapo tena, na propela yenye hatua kubwa haiwezi kuirudisha injini juu kwa haraka. Hapo dereva mwenye propela ya hatua ndogo kidogo, ambaye kwenye mstari ulionyooka alikuwa ameachwa, humpita mwenzake wakati wa kutoka konani.