Umeme wa Mwadingusha na mashine za wanafunzi

Mitambo sita ya Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, kusini mwa Kongo (DRC), ina uwezo wa kufua megawati 78. Kampuni ya madini ya Union Minière iliianzisha mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2021 kwa mkataba kati ya SNEL, shirika la umeme la taifa, na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Karne inakaribia kutimia, na mteja mkuu bado ni shaba. Sina ugomvi nayo. Ndiyo iliyoujenga mji wetu wa Likasi. Ila kijana anayesomea kompyuta Likasi au Lubumbashi anahitaji wati chache tu za mto huohuo.

Anazihitaji kwa mashine anayoruhusiwa kuiharibu. Seva haifundishwi ubaoni. Mwanafunzi lazima aiwashe, aifunge kimakosa, afute faili lisilofutwa, kisha ahangaike usiku kucha kuifufua. Kompyuta ya ofisi ya mkuu wa idara haifai kwa mchezo huo.

Wengine walijifunza hivyo. Wanafunzi wa Linköping, Uswidi, walianzisha klabu yao, Lysator, mwaka 1973 kwa kompyuta kuukuu aina ya Datasaab D21. Huko Swansea, Wales, Alan Cox alikuwa mwanachama wa klabu ya kompyuta ya chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliweka Linux, mfumo endeshi uliokuwa bado mchanga, kwenye mashine iliyounganishwa na mtandao wa chuo. Mtandao ulikuwa na shughuli nyingi, kasoro zikajitokeza, naye akazirekebisha. Leo Linux ndiyo kiini cha Android, hivyo huenda jasho lake limo ndani ya simu yako.

Kwetu kikwazo cha kwanza ni umeme kukatika. Seva kubwa ya kiwandani hula mamia ya wati, hutaka chumba chenye ubaridi, na umeme ukikatwa ghafla data yake huweza kuharibika. Kwa klabu changa ningeikataa hata kama ni ya bure. Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, hutumia chini ya wati 15; betri ya gari na paneli ya jua vinaiwasha usiku kucha. Ikiwekewa Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, inabeba Wikipedia nzima ya Kifaransa, na wanachama wanaisoma kwa Wi-Fi ya chumbani bila kununua mega. Kila mmoja apewe akaunti, nywila na nafasi yake ya kuhifadhi kazi.

Atakayesema seva haziwezi kuishi kandokando ya mito yetu atazame Luviro, Kivu Kaskazini. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga ilianza kutumia umeme wa maji kuendesha makontena ya mashine za kuchimba bitcoin. Mashine zipo, basi. Ila hazijatengwa kwa mwanafunzi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa kampuni za migodi na ofisi za Likasi: mnapobadilisha kompyuta, futeni diski zake, kisha zipelekeni kwa klabu za wanafunzi. Na wakuu wa vyuo, msizifungie kabatini. Nywila ya msimamizi ikae mikononi mwa wanafunzi wenyewe.